Komini ianzie ku grupe yake yenyewe

Umeme ukikatika mu muji, grupe za mabiro njo zinaanza kulia. Mu lupango mama anatafuta mushumaa, batoto wanafunga vitabu, lakini ku biro ya komini mutambo unanguruma na moshi mweusi unapanda juu ya ukuta. Tunausikia wote. Tunapita pale tukitoka ku kazi ya usiku, bibi zetu wanapita pale wakienda kulipa kodi ya soko. Na hakuna mwenye kuuliza: ile grupe inakunywa lita ngapi kwa mwezi, na nani analipa?

Sisi wa sendika tunaona sasa ni wakati wa kuuliza. Hatutataja komini hata moja mu maandiko haya, juu jambo lenyewe haliko la komini moja. Lakini mwenye kuikala Dilala ao Manika, Fungurume ao Likasi, atajua tunaongea nini.

Serikali ya Kinshasa inapenda kusema mbele ya mataifa kama Kongo ni "inchi ya suluhisho". Juu ya pori kubwa yenye kunyonya hewa chafu ya dunia, na juu ya shaba na kobalti yetu, zenye kutengeneza betri na nyaya za motoka za umeme. Ni kweli. Kobalti yenye kuchimbwa mu dunia muzima, karibu tani 7 ku kila tani 10 zinatoka huku. Sisi wenye kuitoa mu udongo tunasikia lile neno "suluhisho", kisha tunarudi nyumbani na tunakuta serikali yenye iko karibu na sisi zaidi ya zote, komini, inafanya kazi na mazutu. Madini yanapanda ku kamio kuenda kusafisha hewa ya wengine, na makuta kidogo yenye yanabaki huku yanarudi kuchomwa mu grupe.

Tuanzie ku neno moja lenye linatuudhi. Kila mara habari ya hali ya hewa inafika kwetu, mutu wa kwanza kushitakiwa ni mama wa makala. Ao kijana mwenye kuleta mifuko ya makala juu ya kinga. Hatukatai, pori imekwisha. Wenye umri wetu wanakumbuka mahali miti ilikuwa inaanzia wakati tulikuwa watoto, na leo mahali pale ni nyasi na vichuguu. Lakini mama anawasha mbabula juu umeme hauko, ao uko saa 3 za usiku wakati watu wamelala. Mutu hawezi kuacha kitu chenye hana kingine cha kukirudishia nafasi. Komini, yenyewe, iko na nafasi ya kuchagua. Iko na bajeti, iko na motoka, iko na nyumba, iko na soko, iko na mahali pa kutupa takataka. Mambo haya yanatoka mu mukono wake, hakuna ruhusa ya Kinshasa yenye inangojea. Basi komini ianzie kwake, kisha ije kutuambia habari ya mbabula.

Kuko ndugu wenye watasema: hii habari ya hewa ni ya Wazungu. Waulize bei ya bunga. Mu mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia vibaya, mpaka rais wao akatangaza hali ya musiba wa taifa mu mwezi wa pili. Mahindi ikakauka, na maji ya Kariba ikashuka mpaka Wazambia wenyewe wakabaki giza. Sisi wa Katanga tunakula bukari ya mahindi yenye kutoka kwao, na makampuni yetu yananunua umeme kwao. Mvula inakosekana Choma na Monze, mufuko wa bunga unapanda bei Kolwezi. Hakuna mwenye alituomba maoni.

Sasa tuongee makuta, juu habari yote iko pale.

Sheria ya madini yenye ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevansi hivi: 50 kwa mia zinaenda serikali kuu, 25 kwa mia jimbo, 10 kwa mia fuko la vizazi vyenye kuja, na 15 kwa mia zinaenda moja kwa moja ku komini, sekta ao sheferi yenye mine iko ndani yake. Moja kwa moja, bila kupita Kinshasa. Shaba inalipa redevansi ya 3,5 kwa mia. Kobalti, tangu itangazwe madini ya stratejia mu mwisho wa 2018, inalipa 10 kwa mia. Piga hesabu: ku kila dola 100 za kobalti, dola 10 ni redevansi, na mu zile 10, dola 1 na nusu ni ya komini. Ku shaba ya dola 100, komini inapata kama senti 52. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini angalia kamio ngapi zinapita barrière kila siku, utaona kama komini za mine haziko tena maskini kama zamani. Mbele ya 2018, bourgmestre alikuwa analalamika hana hata karatasi. Leo ile sababu imekwisha.

Makuta yale ni jasho letu na ni udongo wa watoto wetu. Kila lita ya mazutu yenye inachomwa bure ku biro ni sehemu ya jasho lile. Njo maana sisi hatutenganishi habari ya hewa na habari ya hesabu. Komini yenye inataka kupunguza gesi ya karboni yake, kazi ya kwanza haiko kununua mutambo mupya. Ni kuhesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Lita moja ya mazutu ikichomwa inatoa karibu kilo 2,7 za gesi ya karboni. Ndugu mumoja alituuliza: lita yenyewe haifiki hata kilo moja, namna gani itoe kilo karibu 3? Ni juu karboni ya mazutu inashika oksijeni ya hewa wakati wa kuungua, na uzito wa oksijeni unaingia mu hesabu. Na musidanganywe na rangi. Ule moshi mweusi ni masizi, ni mbaya kwa kifua, lakini gesi yenyewe haionekani. Grupe yenye haitoi moshi inatoa gesi vilevile. Esanshi inatoa chini kidogo, karibu kilo 2,3 kwa lita.

Tuchukue mufano. Biro iko na taa, kompyuta 5 ao 6, mashine ya kuchapisha, friji moja, pengine climatiseur ya mukubwa. Vyote pamoja vinaomba kilowati 3. Lakini grupe yenye ilinunuliwa ni ya kVA 60, juu wakati wa kununua hakuna mwenye aliuliza fundi, ao aliuliza na hakumusikiliza. Mafundi wetu wa mine wanajua: mutambo mukubwa wenye kubeba muzigo mudogo unakunywa vibaya, na unajichafua ndani. Tuseme unakunywa lita 4 kwa saa. Saa 6 kwa siku, siku 22 za kazi, ni lita 528 kwa mwezi. Kwa mwaka, lita 6.336. Zidisha mara 2,7: ni tani 17 za gesi, kwa biro moja ya kuandika attestation. Kisha weka bei ya lita ya leo mbele ya zile lita 6.336, na jumlisha huile, filtre na fundi. Hesabu ile tunawaachia muifanye nyumbani, na watoto wenu wa secondaire.

Na tuseme wazi kitu chenye kila muchimbaji anafikiri kimoyomoyo: lita zenye kuandikwa haziko kila mara lita zenye kuchomwa. Ku mine tunajua hii. Mazutu inatoka ku pompe na compteur, chauffeur anatia saini, saa za mutambo zinaandikwa mbele na nyuma. Lita zikipita saa, unaitwa ku biro na unaeleza. Pengine unapoteza kazi. Sheria hii inatupiga sisi kila siku. Juu nini isifike ku komini? Kila grupe yenye kujiheshimu iko na compteur ya saa pa ubao wake. Soma namba tarehe 1, soma namba tarehe 30, toa moja ku ingine, gawanya lita na saa. Kama grupe "inakunywa" lita 11 kwa saa na kitabu chake kinasema 4, basi zile 7 zilichomwa mu mutambo mwingine, wenye hauko wa komini. Gesi ilitoka, lakini kazi ya watu haikufanyika.

Huo ndio upunguzaji wa kwanza, na hauombi hata dola moja. Karatasi na bic.

Wa pili unaomba makuta, lakini makuta yanarudi. Biro yenye kuomba kilowati 3 kwa saa 6 inatumia kilowati-saa 18 kwa siku. Huku kwetu kilowati moja ya paneli za jua inatoa kilowati-saa 4 mpaka 5 kwa siku. Basi paneli 10 za wati 500, zenye kuenea juu ya bati la biro, zinatosha, pamoja na betri za kushika kidogo. Mu kiangazi, kutoka mwezi wa 5 mpaka wa 9, mbingu ni safi na hakuna shida. Mu mvula ya Desemba na Januari kutakuwa siku za mawingu, na hapo grupe ndogo, ya kipimo cha kweli, inasaidia saa moja ao mbili. Hatusemi grupe itupwe. Tunasema isiwe mutambo wa kila siku.

Lakini tunaonya. Muji wetu umejaa taa za jua za barabara zenye zilikufa. Paneli iko muzima, taa iko muzima, betri imekufa, na hakuna mutu mwenye kazi yake ni kuibadilisha. Waliweka, walikata riboni, walienda. Bajeti ya paneli bila bajeti ya betri na bila jina la mutu mwenye kuziangalia ni makuta ya kutupa. Na hapa sisi wa sendika tuko na neno letu: yule mutu wa grupe, mwenye anawasha na kuzima, asifukuzwe. Afundishwe. Mutu mwenye aliweza kutunza mutambo wa mazutu miaka 10 hatashindwa kupangusa paneli, kukaza waya na kupima betri. Kama hewa safi inaletwa na barua ya kufukuza, tutakuwa wa kwanza kuipinga.

Wa tatu njo unatuuma zaidi. Umeme wa huku kwetu unatoka mu maji. Nzilo na Nseke, ku Lualaba, zilijengwa mu miaka ya 1950, na nyingi ya nguvu zao ilikuwa ya mine toka siku ya kwanza. Kutoka Inga kumevutwa waya wa karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, ulimalizika mu mwanzo wa miaka ya 1980, na unapita juu ya vichwa vya vijiji vyenye havijaona taa. Umeme wa maji hautoi moshi wa mazutu. Basi angalia hali yetu: tuko karibu na maji, waya iko juu yetu, na komini inachoma mazutu yenye inatoka mbali kwa kamio. Shida haiko maji peke yake. Mara mingi ni cabine. Cabine ya miaka mingi, yenye ilipangwa kwa nyumba 200 na leo inabeba 1.000, inapasuka, na quartier inangojea miezi. Kila nyumba inachanga dola kidogo kidogo kununua cabine mupya, wakati komini yao iko na redevansi ku banki.

Komini haiwezi kutengeneza SNEL. Lakini inaweza kulipa cabine. Ikilipa cabine ya biro, yenye kushika pia dispansari na masomo na lupango za pale karibu, imepunguza mazutu yake na imepunguza makala ya mama kwa siku ileile, bila hotuba. Hakuna mama wa Kolwezi mwenye kupenda kununua makala akiwa na réchaud na umeme wa kweli.

Ku motoka tutapita haraka, juu kila mutu anajua. Jeep ya mukubwa inabaki inawaka mbele ya mukutano saa mbili, climatiseur ndani, chauffeur amelala. Mutambo wenye kusimama vile unakunywa lita moja na zaidi kwa saa. Izimwe. Mutu wa kupeleka barua quartier ingine apewe pikipiki, asipewe 4x4. Habari ya kununua motoka za umeme leo, tusidanganyane: kwanza umeme, kisha motoka.

Kuko jambo moja lenye watu hawalihesabu, ni matofali. Komini za mine siku hizi zinajenga: masomo, dispansari, kuta, biro mupya. Huku Katanga tofali tunalitoa mu kichuguu, na tunalichoma na miti ya pori, tanuru inawaka siku na usiku. Wakati komini inaandika mukataba na mujenzi, kuandika tu "tofali za kuchomwa" ni kuagiza miti ikatwe, hata kama hakuna musumeno mu mukono wa bourgmestre. Udongo uleule wa kichuguu ukichanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa mu mashine ya mukono, unatoa tofali lenye nguvu ya kutosha kwa nyumba ya chini. Vijana wengi wenye walifukuzwa mu karyeri wanaweza kufanya kazi ile. Mukataba wa komini uandike hivyo, na mujenzi atafuata, juu yeye anafuata makuta. Komini yenye kujenga hivyo itakuwa imelinda miti mingi kupita ile yenye inapandwa tarehe 5 Desemba, siku ya taifa ya muti, mbele ya photographe, na kukauka mbele ya Pasaka.

Na soko. Soko ni la komini, ndani yake inalipisha kila siku. Takataka ya soko zaidi ya nusu ni majani: lengalenga, matembele, maganda ya miwa, ndizi zenye kuoza. Zikirundikwa na kulowana na mvula, zinaoza bila hewa na zinatoa gesi ingine, metani, yenye inapasha dunia moto mara 28 kupita karboni kwa kipimo cha miaka 100. Zikichomwa pamoja na plastiki, moshi unaingia mu kifua cha mama mwenye kuuza pale. Kuzitenga asubuhi, kuzirundika kwa zamu na kuzigeuza, ni mbolea kwa mashamba ya mahindi. Kazi hii inaomba majembe, hangari, na watu wenye kulipwa kila mwezi bila arriérés. Na kamio ya komini itakuwa na safari chache za kwenda kutupa.

Sasa tujibu rafiki zetu wa karyeri, wenye wanacheka. Wanasema: benne moja kubwa ya mine inakunywa mu saa moja kupita yenye ile grupe inakunywa mchana muzima. Kongo haichafui kitu, Chine na Ulaya na Marekani wapunguze kwanza. Juu ya benne, wako na haki. Juu ya Ulaya pia: deni kubwa ni lao, na hatutaki mutu atufundishe kufunga taa zenye hatuna. Lakini lita ya komini inalipwa na sisi, siyo na Ulaya. Na kuko jambo la pili. Siku moja komini itaikala meza moja na kampuni, kuongea cahier des charges, vumbi, maji, moshi wa benne zile. Kampuni italeta mainjinia, na hesabu ya kila lita. Komini italeta nini? Kama haijui hata grupe yake inakunywa ngapi, mainjinia watacheka mbele yake, na sisi tutabaki na vumbi. Komini yenye kujihesabu iko na kinywa cha kuuliza.

Tarehe 20 Desemba 2023, mu miji mikubwa ya majimbo, tulichagua ba-conseillers wa komini. Walipita kwetu, walikunywa maji yetu, walituita ndugu. Hatuwaombi mambo makubwa. Tunaomba kama wakati wa kupanga bajeti, mustari wa mazutu usipite tena kwa jumla, "carburant na lubrifiant", makuta kadhaa, mukono juu. Wagawanye: grupe peke yake, jeep peke yake, kamio ya takataka peke yake. Waweke lita mbele ya makuta, na saa mbele ya lita. Kisha kila mwisho wa mwezi karatasi ile ibandikwe ku valve ya komini, mahali pa mandiko ya ndoa na ya lupango, ili kila mutu asome.

Wajumbe wetu wa sendika, wale wenye zamu ya usiku, watapita pale asubuhi ya tarehe 1 ya kila mwezi. Kama karatasi iko, wataiandika mu cahier. Kama haiko, wataingia kwa heshima, watamusalimia secrétaire, na watalomba waonyeshwe compteur ya grupe.